Tusinunue kimo cha gari kwa roho za askari

Hakuna askari aliyewahi kufanya doria katika udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua, au kupanda vilima vya Bududa njia ikiwa imegeuka ute, asiyeujua uchungu wa gari lililokwama. Magurudumu yamezama, tumbo la gari limekaa juu ya tuta la katikati ya njia, dereva anakanyaga mafuta bila faida, na wananchi waliokuwa wakingoja msaada wanaendelea kungoja. Katika saa kama hiyo wazo linalomjia kila mtu ni moja: laiti gari hili lingekuwa juu kidogo zaidi.

Wazo hilo si la kubezwa. Gari lililo juu hupita penye mashina, mawe na mifereji ambapo gari la chini hugota. Ndiyo maana si ajabu kuona pikapu ya doria, au gari kuukuu ambalo mstaafu amejinunulia kwa kiinua mgongo chake, likiwa limepandishwa kimo. Kazi hiyo aghalabu hufanywa na fundi wa kando ya barabara, kwa vipande vya chuma vilivyookotwa, kwa malipo madogo, na kwa muda wa jioni moja tu. Asubuhi gari hutoka limesimama kama ngamia, na watu wa kikosi hulishangilia.

Sisi hatulishangilii. Tunaona ni wajibu wetu kusema waziwazi, kwa maafande wanaoidhinisha kazi hiyo, kwa madereva wanaoiomba, na kwa askari wanaopakiwa juu ya magari hayo, kwamba kimo kinachonunuliwa kwa bei rahisi kina deni ndani yake. Deni hilo hulipwa siku nyingine, kwenye kona, na watu ambao hawakuulizwa.

Difu haliinuki

Kwanza na tuelewane tunazungumza juu ya kimo gani, maana gari lina vimo viwili. Kimo cha kwanza ni cha chasisi na bodi, yaani umbali kutoka ardhini hadi tumbo la gari. Kimo cha pili ni cha ekseli, na hasa cha lile bonge la difu lililomo ndani yake. Katika Land Rover za zamani, na katika Land Cruiser za kazi ambazo wengi wetu tunazifahamu, ekseli ni mhimili mmoja mzima utokao gurudumu hadi gurudumu, na difu lake huwa karibu na ardhi kuliko chasisi.

Springi ziko kati ya ekseli na chasisi. Kwa hiyo fundi akizirefusha springi, au akichomeka kipande cha chuma, anachokiinua ni chasisi. Ekseli hubaki palepale ilipokuwa. Jiwe lililoligonga difu jana litaligonga na leo. Kitu rahisi kinachoweza kuiinua ekseli ya namna hii ni tairi kubwa zaidi, na hata tairi hilo hutoa nusu tu ya kile tunachokidhania, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Kipenyo cha tairi kikiongezeka sentimita 5, difu hupanda sentimita 2 na nusu, basi.

Tusidanganyane lakini kwamba kuinua chasisi hakuna faida yoyote. Pua ya gari hupata nafasi zaidi linapoanza kupanda ukingo wa mto. Tumbo halikai upesi juu ya tuta au kichuguu. Na tairi kubwa hupata mahali pa kuzungukia. Faida hizo ni za kweli. Walakini, katika matope mazito, ambako ndiko magari mengi hukwama, gurudumu huzama mpaka difu likakaa juu ya matope kama mtumbwi uliopwelewa. Hapo chasisi iliyoinuliwa haina la kufanya ila kutazama kutoka juu.

Hesabu ya uzito

Hebu sasa tuutazame upande wa pili wa mizani. Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Uimara wa gari dhidi ya kupinduka hutegemea mambo mawili: upana kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia, na kimo cha kitovu hicho. Chukua nusu ya upana, igawanye kwa kimo cha kitovu, utapata kipimo ambacho wahandisi hukitumia. Kadiri kipimo hicho kinavyopungua, ndivyo gari linavyokuwa jepesi kulala ubavu.

Tuchukue pikapu ya mfano, yenye upana wa mita 1 na nusu kati ya magurudumu, uzito wa kilo 2,200, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 75 kutoka ardhini. Nusu ya upana ni sentimita 75. Ukigawanya kwa 75 unapata 1. Pikapu hiyo, ikisimama ubavuni mwa mlima, haitapinduka mpaka mwinamo ufike digrii 45. Sasa wapande askari 10, kila mmoja pamoja na silaha na mzigo wake akiwa na kilo 90, na wasimame nyuma wakishikilia vyuma. Kitovu cha mtu aliyesimama juu ya sakafu ya pikapu hukaribia mita 1.9 kutoka ardhini. Ukijumlisha uzito wa gari na wa watu, kitovu chao wote kwa pamoja hupanda hadi sentimita 108. Kipimo hushuka hadi 0.69, na mwinamo wa kupinduka hupungua kutoka digrii 45 hadi 35 hivi.

Zitazameni tena tarakimu hizo. Hakuna fundi aliyeligusa gari, nalo limekwisha kupandishwa kitovu chake kwa sentimita 33 na watu waliomo. Fundi akija akaongeza sentimita 10 zake, kitovu hufika sentimita 118, kipimo huwa 0.64, na mwinamo ni digrii 32. Na hesabu hii ni ya gari lililotulia tuli. Gari la kweli huyumba kwa springi zake, hukanyaga shimo kwa gurudumu moja, na wale askari 10 huegemea upande mmoja kwa pamoja, tena upande ule mbaya.

Barabarani mambo ni hayohayo. Tuseme kona ina nusukipenyo cha mita 30. Kwa hesabu, pikapu yetu ikiwa tupu ingehitaji kufika kilomita 62 kwa saa ndipo ipinduke. Kwa hakika haiwezi hata kufika huko, kwani matairi yake yatateleza kwanza, yatalia, na dereva ataonywa. Pikapu iliyojaa watu waliosimama, tena iliyoinuliwa, hufika mwisho wake kwenye kilomita 49. Nayo kwenye lami kavu haitoi onyo la kuteleza: huinua magurudumu ya upande wa ndani wa kona ilhali matairi ya nje yangali yameshika barabara. Dereva aliyeizoea kona hiyo akiwa peke yake garini haoni lolote lililobadilika mbele yake. Kilichobadilika kiko nyuma ya kichwa chake.

Sasa tazameni jambo lisilogharimu hata senti moja. Askari walewale 10 wakiketi chini, mgongo kwa mgongo, kitovu cha kila mmoja wao hushuka kiasi cha sentimita 45, na kitovu cha gari zima hurudi hadi sentimita 95. Mwinamo wa kupinduka hupanda tena hadi digrii 38. Maana yake ni kwamba hata gari lililoinuliwa sentimita 10, watu wake wakiwa wameketi, ni imara kidogo kuliko gari lisiloinuliwa ambalo watu wake wamesimama. Tunatamani kila kamanda wa kikosi aikumbuke hesabu hiyo kabla ya kutoa amri ya kuondoka.

Somo la M151

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya karatasi. Na tuwape basi mfano wa jeshi lenye fedha kuliko yote duniani. Tangu mwaka 1960 Jeshi la Marekani lilitumia gari dogo la aina ya Jeep lililoitwa M151. Magurudumu yake ya nyuma hayakuungwa kwa ekseli moja nzima; kila moja lilikuwa na mkono wake, na gari lilipoinuka kwenye kona magurudumu hayo yalijikunja kuelekea ndani. Gari hilo lilijipatia sifa mbaya ya kupinduka. Mwaka 1970 likaletwa toleo la M151A2, lenye muundo mpya wa nyuma, na hata hivyo katika miaka ya 1980 ilionekana bado ipo haja ya kuyafunga vyuma vya kuwalinda watu wakati wa kupinduka. Magari hayo yalipostaafishwa, Serikali ya Marekani haikutaka yauzwe kwa raia yakiwa mazima: yalikatwa vipande.

Hao walikuwa wahandisi waliosomea kazi hiyo, wenye viwanja vya majaribio na vifaa vya kila namna. Walibadili kitu chini ya gari, na tabia ya gari kwenye kona ikabadilika. Je, fundi wa jioni moja, mwenye jeki na mashine ya kulehemu, atakuwa na uhakika gani?

Jeshi hilohilo lilipohitaji gari lililo juu kwelikweli, liliagiza Humvee katika miaka ya 1980. Tumbo la gari hilo liko kiasi cha sentimita 40 kutoka ardhini, na siri yake ni gia zilizowekwa kwenye vitovu vya magurudumu, ambazo huwezesha sehemu za katikati kupanda juu bila gari kusimamia springi ndefu. Lakini tazameni na upana wake: unazidi mita 2. Waliolibuni walinunua kimo na upana pamoja. Anayenunua kimo peke yake amenunua nusu ya gari.

Hila za kando ya barabara

Zipo hila nne au tano zinazotumiwa sana kuinua gari kwa fedha kidogo, na ni vema tuzitaje moja moja ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Ya kwanza ni kurefusha shako, vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi. Shako ikiongezwa sentimita 10, gari hupanda sentimita 5 tu, kwa sababu ncha ya pili ya springi haikusogea. Ikifanywa hivyo mbele, ekseli huzunguka kidogo kutoka mahali ilipopangiwa, na usukani hupoteza ile tabia ya kujirudisha wenyewe katikati. Dereva atashangaa gari likitangatanga kwenye lami kana kwamba limelewa.

Ya pili ni kuweka kipande cha chuma, au hata cha gogo, kati ya ekseli na springi. Vipande vilivyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo vinaweza kutumika nyuma, kwa kiasi, vikiwa na bolti ndefu zilizo mpya na kukazwa sawasawa. Kuvipanga viwili kimoja juu ya kingine ni kosa. Kuviweka mbele ni kosa kubwa zaidi, kwa maana breki zikishikwa ghafula nguvu zote hukimbilia huko, na kipande kikichomoka dereva hubaki na usukani usioongoza kitu. Gogo tusilitaje mara ya pili: mti hukauka, hunywea, hupasuka, na bolti iliyokuwa imekaza hulegea bila mtu kujua.

Ya tatu ni kuongeza majani ya springi, pengine yaliyotolewa katika lori bovu. Gari hupanda kweli, na likipakiwa mzigo mzito halibonyei. Lakini likiwa tupu huwa gumu kama kinu. Hurukaruka juu ya mawe, na gurudumu lililo hewani halisukumi wala halishiki breki. Mshindo ambao springi haikuumeza huenda kwenye chasisi, na baada ya miezi nyufa huanza kuonekana pale springi ilipofungwa.

Fauka ya hayo, kuna vitu ambavyo fundi wa haraka huvisahau. Mipira ya breki inayoshuka kutoka chasisi hadi kwenye ekseli ilikatwa kwa urefu uliopimwa. Gari likiinuliwa, na gurudumu moja likaning'inia shimoni, mpira huo hukazika kama kamba ya ngoma. Propela shafti huzunguka kwa pembe kali zaidi, na viungo vyake hula upesi. Shokapu zilizokuwa zikituliza mtikisiko huwa fupi, zikafika mwisho wake na kung'oka. Taa hutazama juu na kumpofusha anayekuja. Tena magari mengi ya kazi yana vali nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, ambayo hupima mzigo ili igawe nguvu za breki. Gari likiinuliwa na fimbo hiyo isirekebishwe, vali hudhani kwamba gari ni tupu, ikazinyima breki za nyuma nguvu zake. Gari limebeba askari 10, nalo linashika breki kama halina mtu.

Hata tairi kubwa, ambalo tumekwisha kulisifu, lina masharti yake. Kipenyo kikitoka sentimita 80 hadi 85, saa ya mwendo ikionyesha kilomita 80 gari linakwenda 85. Breki huelemewa zaidi, injini huhisi mzigo, na tairi linaweza kukwangua bodi au springi usukani ukikunjwa mpaka mwisho. Anayelitaka na alijaribu kwanza, likiwa limepakiwa na kukunjwa pande zote mbili, kabla ya kulilipia.

Fedha kidogo itumike wapi

Tukiishia kwenye makatazo tutakuwa hatujawasaidia wale walioko njiani. Kikosi chenye fedha kidogo bado kina mengi ya kufanya, na mpango wake ni huu.

Kwanza, teremsheni mzigo. Magari mengi yanayoonekana mafupi hayakuzaliwa hivyo; yamelemewa. Matairi ya akiba mawili, madebe ya mafuta, masanduku ya vyombo na magunia ambayo hakuna anayekumbuka yalipakiwa lini, yote hayo hulikalisha gari chini. Kinachobaki kiwekwe sakafuni, karibu na katikati, kisifungwe juu ya paa.

Pili, zifufueni springi za zamani kabla ya kufikiria mpya za kuinulia. Springi iliyobeba kwa miaka mingi hulala. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, mlinganishe na gari jingine la aina ileile lililo zima. Si ajabu mkagundua kwamba zile sentimita 5 mlizotaka kuzinunua ni zenu tangu zamani, zilipotea tu kwa kuchoka. Springi mpya za kiwango cha kiwanda, pamoja na bushi na shokapu zake, zitazirudisha bila kubadili tabia ya gari hata chembe.

Tatu, matairi yawe na meno ya kufaa udongo wa huko mnakofanya kazi, na upepo wake upimwe. Hili la upepo ndilo silaha ya maskini. Tairi linalojazwa pauni 45 barabarani, likipunguzwa hadi pauni 25 penye mchanga au matope, hulala na kukanyaga eneo linalokaribia mara mbili ya lile la kwanza. Gurudumu ambalo lingezama sasa huelea. Masharti yake ni mwendo wa polepole, kona za upole, na kulijaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Kipima upepo na pampu ni vitu vya bei ndogo mno kulinganisha na springi za kuinulia.

Maarifa hayo yalishinda vita kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 afisa Mwingereza, Ralph Bagnold, alivuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari madogo ya Ford, akijifunza kupunguza upepo wa matairi na kutandika mabamba ya chuma chini ya magurudumu yaliyozama. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha Long Range Desert Group kilichopeleleza na kushambulia nyuma ya majeshi ya Italia na Ujerumani. Malori mengi ya Chevrolet ya kikosi hicho yaliendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Milango, paa na vioo vilikuwa vimeondolewa kupunguza uzito. Walipita mahali ambapo adui aliamini hapapitiki.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunao ushuhuda wetu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa mara nyingi na magari ya kawaida ya mjini yaliyoimarishwa, kama Peugeot 404 na Datsun. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyashinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakushinda kwa kukaa juu kuliko wenzake. Alishinda kwa kujua ni lini akanyage mafuta na ni lini aachilie, wapi tope lina sakafu na wapi halina.

Nne, kwa hiyo, wafunzeni madereva. Dereva ashuke, atembee njiani kwa miguu, achome kijiti kwenye matope, apime maji kabla ya kuyaingia. Apeleke gurudumu juu ya tuta na juu ya jiwe, asilipitishe jiwe chini ya difu. Gari liwe na sepetu, panga, kamba madhubuti ya kukokotea, na mbao mbili nene. Magari mawili yasafiri pamoja penye shaka. Sepetu moja mikononi mwa askari wawili wenye bidii hufanya kazi ya sentimita nyingi za springi.

Tano, na mwisho kabisa, kama baada ya hayo yote kazi bado inadai kimo, kiongezwe kwa adabu. Sentimita 5 zinatosha kwa gari la kubeba watu. Springi na shokapu ziwe za seti moja iliyoundwa kwa gari la aina hiyo, mipira ya breki na ile vali ya nyuma virekebishwe, usukani upimwe, taa zishushwe. Kisha gari lijaribiwe na mhandisi wa karakana likiwa na mzigo wa mawe au mchanga, kabla halijapakiwa binadamu.

Agizo tunaloliomba

Gari la Serikali si mali ya dereva, wala ya kamanda wa kituo. Limekabidhiwa. Tunawaomba basi wakubwa wa jeshi na wa polisi waweke amri iliyo wazi: gari lolote la kubebea askari lisibadilishwe kimo bila idhini ya maandishi ya mhandisi mwenye dhamana, na yale yaliyokwisha kubadilishwa yakaguliwe moja baada ya jingine. Fundi akikuta magogo au vyuma vilivyolehemewa chini ya springi, gari hilo lisitoke kambini. Vilevile pikapu zote za doria zifungwe mabenchi ya katikati yenye chuma cha kushikia, na askari waketi. Anayelazimika kusimama penye hatari asimame, akimaliza, aketi. Amri hii itagharimu mbao chache na misumari.

Tunajua wapo watakaoona tunakuza jambo dogo. Tunawaomba waikumbuke ile picha ambayo kila mmoja wetu amewahi kuiona walau mara moja: pikapu imelala ubavu kando ya barabara iliyonyooka baada ya kona, mahali ambapo hakukuwa na adui, bunduki na viatu vimetawanyika kwenye nyasi. Askari aliyekula kiapo cha kuilinda nchi amejitolea kufa akibidi. Hakujitolea kufa kwa sababu ya shako ndefu.

Na nyinyi mliostaafu, mnaobeba mazao na abiria kwa magari mliyoyanunua kwa jasho la miaka mingi, neno hili ni lenu pia. Kona haimwulizi mtu cheo chake.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kila askari apandaye gari la doria alfajiri atashuka jioni, kwa njia moja au nyingine. Wajibu wetu sote, fundi, dereva na afande, ni kuhakikisha kwamba anashuka kwa miguu yake.